Baba, Alama Zako Nimezikataa

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini umeamka na nguvu, magoti hayakusumbui sana, na Mama amepona yale mafua ambayo Marigu aliniambia. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mikono imekauka kwa sabuni na kuna theluji nje ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Hapo nyumbani mvua imenyesha? Ng'ombe amezaa? Niambieni yote, hata ya majirani.

Kabla hujauliza, ndiyo, anayekusomea barua hii ni dada yangu Marigu. Nimeituma kwa jina lake makusudi. Najua sasa hivi umenyoosha mkono unasema, "Lete niisome mwenyewe, macho yangu hayana shida." Marigu, usimpe. Mwongezee chai. Na usiruke mahali popote, hata akikohoa kile kikohozi chake cha kumnyamazisha mtu.

Naandika kwa Kiswahili kama ilivyo kawaida yetu. Uliponipeleka bweni ulisema barua ya Kiembu huwezi kuipa alama, kwa hivyo niandike kwa lugha uliyokuwa ukifundisha. Nikawa naandika, wewe unasahihisha kwa kalamu nyekundu na kunirudishia kwa posta. Mama alikuwa akisema, "Mtoto ameomba sukari na wewe unamtumia makosa."

Na kila Januari, tangu nilipoanza kuandika vitabu, tumekuwa tukitumiana orodha: kila mmoja anataja vitabu vilivyomfurahisha mwaka uliopita na kuvipa alama juu ya mia. Januari hii orodha yako haikuja. Kilichokuja ni riwaya yangu, ile ile nakala niliyokutumia, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Ukurasa wa mwisho umeandika thelathini na nane, ukaizungushia duara. Chini yake: "Umejaribu. Sasa achana na hadithi, usomee unesi."

Thelathini na nane, Baba! Katika miaka yako yote darasani sijui kama kuna mtoto uliyempa hivyo, labda yule aliyenakili insha ya jirani yake pamoja na jina la jirani.

Nitakujibu. Lakini kwanza pokea orodha yangu, maana mimi sijavunja desturi. Majina ya vitabu sikuandikii. Wewe husahau majina ya vitabu, unakumbuka watu waliomo.

Kuna kimoja cha mwanamke fundi wa viatu ambaye mtaa wake unabomolewa ili reli ipite. Majirani wote wanahama, yeye anaendelea kushona soli. Hiki nilikisomea kazini. Unajua kazi yangu, kufua shuka na nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Mashine ya kukausha inazunguka dakika arobaini na tano, na huo ndio wakati wangu wa kusoma, nimekalia kapu nililolipindua. Siku ile wabomoaji wanafika mlangoni kwake nilisahau shuka ndani mpaka zikatoka zimejikunja kama majani ya kabeji. Msimamizi wangu alinifokea vizuri sana. Sikujali. Alama themanini na moja. Ningempa zaidi, lakini mwandishi hatuambii yule mama alikuwa anakula nini, na mtu haishi kwa hasira peke yake.

Kingine kilipata tuzo kubwa na kila mtu hapa anakisifu. Mwanaume anakaa kwenye kiti anafikiria ndoa yake kurasa mia sita. Nilifika mia mbili nikakirudisha maktaba. Ishirini na tisa. Huyo ndiye wa kuambiwa asomee unesi.

Sasa nisikilize. Marigu alinitumia kijitabu cha hadithi fupi cha mwanamke mmoja, karani kule Siakago, ambaye alijichapishia mwenyewe na anakiuza mkononi siku za soko. Kimebanwa kwa pini mbili na karatasi zake unaona hadi upande wa pili. Baba, huyo mama anajua kuandika! Ana muuza ndengu ambaye anadanganya watu juu ya kila kitu, umri wake, mume wake, hata dini yake, lakini kipimo chake hakijawahi kupungua. Ana mzee anayechoma makaa na kusali juu ya kila mti kabla hajaukata. Hakuna gazeti lililomtaja na sidhani litamtaja. Mimi nimempa themanini na nane na nimemwandikia kumwambia. Akanijibu kwamba mkubwa wake ofisini anamwambia aache upuuzi huo. Nikacheka peke yangu, nikasema kumbe tuko wengi.

Lakini kilichonishika kuliko vyote mwaka mzima nilikitoa kwenye mfuko wa pajama. Ni kijitabu cha mzee mmoja anayeishi hapa, aliyekuwa akijenga kuta za mawe bila saruji. Alikiandika zamani kwa ajili ya wajukuu: namna ya kuchagua jiwe, jiwe gani linakaa chini, lipi linakudanganya. Nilipompelekea nguo zake pamoja na kitabu, akaniambia hawezi tena kukiona, anakibeba tu. Nikamwambia nikusomee? Akasema, kama nina nafasi. Basi mara mbili kwa wiki, mapumziko ya chai, nilikuwa namsomea kitabu chake mwenyewe. Alikuwa anacheka mzaha wake kabla sijaufikia. Nikisoma haraka anagonga kiti kwa fimbo. Tulikimaliza Novemba, akaniambia tuanze upya, maana sura ya kona za ukuta niliiharakisha. Alama tisini na nne, na mimi siijui hata hiyo kazi ya kuta.

Hiyo ndiyo orodha. Sasa turudi kwa thelathini na nane.

Nilipomaliza kukasirika nilikaa na ile nakala nikaipitia ukurasa kwa ukurasa, nione niliangukia wapi. Mpaka ukurasa wa sitini ni wewe mwenyewe ninayekujua. Tiki hapa, alama ya kuuliza pale. Umeandika, "Ni nani huko Kianjokoma anayechuma chai mvua ya mawe ikinyesha?" Hapo umenishika, nakubali, nilikuwa nimesahau. Umeandika, "Mama huyu anaongea kama redio." Hilo pia nimelikubali, ingawa liliniuma. Kufika ukurasa wa themanini tiki zinaanza kupanda juu ya maneno. Mahali ulipotaka kupiga mstari chini ya sentensi, umeupitisha katikati yake. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili umeandika maoni juu ya maoni yako mwenyewe, hata siwezi kuyasoma. Halafu basi. Kurasa mia moja na arobaini hazina hata tone la wino mwekundu, mpaka ile duara ya mwisho.

Niliketi na kitabu magotini na nikaogopa, Baba. Nikampigia Marigu.

Marigu, usinune, na usisome haraka hapa. Ni lazima niseme uliyoniambia.

Aliniambia, "Igoki, kanisani anashika tu kitabu cha nyimbo, anaimba kwa kichwa. Jumapili iliyopita alikuwa amekishika juu chini, na mke wa mchungaji alikuwa anamwangalia." Akaniambia pia ya kituo cha kupimia majani ya chai. Kwamba karani alimwaga kikapu chako mezani mara mbili, akakuambia uchague upya, kwa sababu majani makubwa yaliyokomaa yalikuwa yamechanganyika na machanga. Wewe! Wewe uliyetufundisha majani mawili na chipukizi moja kwa kutugonga vidole. Ukarudi nyumbani ukasema karani hana adabu, na tangu siku hiyo unamtuma Mama. Marigu alikuwa analia akinieleza. Mimi nilijifanya mkali kwenye simu, halafu nikaenda nikalia juu ya shuka za watu.

Kwa nini hukusema? Ati macho yako ni mazima. Mazima yapi? Ulikaa na kitabu changu, ukasoma mpaka ulipoweza, na uliposhindwa ukaona ni afadhali mimi ndiye nifeli kuliko wewe useme huoni. Hilo ndilo limeniudhi, si alama. Ungeandika tu, "Nimeishia hapa, macho yamegoma," ningekimbia nikuitikie.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Unesi sisomei. Nina miaka arobaini na mbili, najua kufua na najua kuandika, na nitafanya yote mawili. Riwaya ya pili nimefika sura ya sita. Wewe waweza kukasirika, waweza kukaa kimya mpaka Pasaka, kitabu kitaisha.

Na zile alama nimezikataa. Nakumbuka mwaka ule ulikataa kutia sahihi karatasi ya matokeo kwa sababu mwalimu mwenzako alikuwa amesoma aya ya kwanza tu ya kila insha na kutoa alama. Ulimrudishia rundo lote. Ulisema mbele yetu nyumbani, huku Mama anasonga ugali, kwamba kazi ambayo haijasomwa mpaka mwisho haina alama, hata mwandishi wake awe mjinga namna gani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando ya jiko. Sasa Mwalimu Njeru, nakurudishia rundo lako.

Tutafanya hivi. Kila Jumapili mkitoka kanisani nitapiga kwa simu ya Marigu, nikusomee kurasa kumi, kuanzia mia moja na kumi na tatu. Wewe utasikiliza na kusema makosa, Marigu atashika kalamu nyekundu. Nikisoma haraka gonga meza, nimezoea. Ukikataa kusikiliza nitamsomea Mama, na unajua Mama hawezi kuficha kitu. Atakuambia mwisho kabla ya chakula.

Na Jumatano Marigu atakupeleka Embu mjini, kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa. Huenda ni kitu kingine kisichotolewa. Mimi sijui na wewe hujui, kwa sababu hujaenda. Usimwambie Marigu kwamba Jumatano una mkutano wa wazee wa kanisa. Nimeuliza, hakuna mkutano.

Najua unasema moyoni, huyu mtoto ananiamuru mimi tangu lini? Tangu uliponipa jina la mama yako. Hukupewa lingine la kuchagua, ndiyo desturi, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa babake. Lakini ni wewe uliyekuwa ukiniita "Mama" mbele ya wageni na kusimama nipite, mimi nikiwa sijaota hata meno ya mbele. Basi mbebe mtu na jina lake lote. Cucu Igoki, huyo mama yako, macho yake yalipoisha ulikuwa unamsomea Biblia pale nje ya jiko, na ukiruka mstari anakurudisha, kwa sababu alikuwa ameusikia mwaka uliopita. Hakuona aibu hata siku moja. Alikuwa anajisifia kwa wenzake kwamba ana mtoto wa kumsomea. Mbona wewe mtoto wako unamficha?

Sikasiriki tena. Au bado kidogo.

Nisalimie Mama, umwambie nilipata ile sweta na naivaa ndani ya nyingine. Nisalimie kaka yetu mdogo na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Shangazi wa Kinoru akija, mwambie nimekumbuka maneno yake kwamba wanaume wa kwetu huugua kwa siri na kufa hadharani, na kwamba wewe bado sijakuruhusu. Msalimie mchungaji na mkewe, umwambie mkewe asante kwa kuangalia. Na Marigu, dada yangu, asante kwa kusoma. Najua sauti imekukauka. Malizia hapa halafu unywe maji.

Kuna jambo nilitaka ulikute mwenyewe, Baba, ila umenilazimisha. Ukurasa wa mia moja na thelathini na moja kuna mwalimu anabisha hodi. Nyumba hiyo wamemtoa binti yao shuleni. Viatu vyake vina tope mpaka juu, na koti lake lina chaki mfukoni. Wanampa kiti, anakataa. Wanampa chai, anakataa. Anasema atasimama hapo mlangoni mpaka waseme msichana anarudi Jumatatu, na anasimama kweli, mpaka wanasema. Baada ya hapo hatoki tena kwenye kitabu, yumo mpaka mstari wa mwisho. Kurasa zote zile ulizozisoma nilikuwa natafuta njia ya kumfikia yeye.

Ni wewe, Baba. Uliweka kitabu chini kabla hujafika.

Binti yako, atakayepiga simu Jumapili upende usipende,
Igoki