Faili la Bi Regina

Jumapili, alasiri, Mji Mkongwe. Joto limekaa tu, hata pazia halitikisiki. Nimejifungia chumbani, nimemwambia mama kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Naona haya.

Kwa asiyejua kazi yangu: nasomesha sheria za Kanisa Katoliki kwenye chuo kimoja huko Bara, na nimekuja nyumbani likizo. Tasnifu yangu ya udaktari niliandika juu ya ndoa za Wakatoliki na Waislamu hapa Unguja. Nilisifiwa, nikapata kazi, na mpaka leo naisomesha kwa mikogo.

Leo kwenye misa nilikaa nyuma ya Bi Regina. Watu walipoinuka kwenda kukomunika, kupokea mwili wa Kristo, alikunja miguu pembeni awapishe, akabaki peke yake kwenye benchi, macho chini. Miaka tisa iliyopita nilimwona akifanya vivyo hivyo. Aliolewa na Mzee Haji wa Jang'ombe kwa kadhi, na Kanisa haliitambui ndoa ile, wala yeye haruhusiwi kukomunika, mpaka askofu atoe ruhusa. Ruhusa yenyewe haina makuu. Karatasi zikikamilika, hata harusi nyingine haitakiwi.

Na karatasi zilikamilika. Nilizikusanya mimi.

Nilikwenda kwao na daftari langu la utafiti, nikanywa chai yao, nikamuuliza Bi Regina maswali mpaka akalia. Mzee Haji akasema, "Mie siachi dini yangu, na yeye sitaki aache yake. N'tie saini wapi?" Akatia. Nikawaahidi nitazifikisha zinakohusika. Nikarudi zangu, nikaandika sura ya tatu nzima. Faili nikaliweka kando kwanza, eti nitalipeleka wiki ijayo.

Tulipotoka misani nikamwamkia. Akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu daktari! Hebu nambie, Roma hawajajibu tu?"

Roma! Nani alimwambia Roma? Nilipaswa kusema kweli pale pale. Badala yake nikajibu, kwa sauti ile ya darasani, "Bado, Bi Regina. Mambo ya kule huchukua muda."

"Haya, nnangoja. Ila Haji hali yake si nzuri, figo zimemchosha. Nlitaka nikomunike naye yu hai, aone saini yake imefanya kazi."

Akaniombea dua, nikaitikia amina. Sijui nilipata wapi uso wa kuitikia.

Mzee Haji akifa, hakuna askofu atakayeweza kuiponya ndoa hiyo tena, yaani kuihalalisha. Hilo nalijua vizuri. Kila mwaka nawatungia wanafunzi swali la mtihani juu yake.

Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku langu la vitabu, ambalo halijawahi kutoka nyumba hii. Faili lipo, chini ya tasnifu. Cheti cha ubatizo kimeanza kuingia manjano. Saini ya Mzee Haji ipo, kwa herufi za Kiarabu, ameiandika polepole asikosee. Na juu ya faili, kwa mkono wangu mwenyewe: "Mfano wa 7."

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Bi Regina kwangu.

Ofisi ya askofu haiko mbali na benchi lile analobaki peke yake. Kesho ikifunguliwa nitakuwa mlangoni, faili mkononi. Lakini kabla ya hapo nitapita Jang'ombe, nikae mbele yao wote wawili, niwaambie kwamba karatasi hazikuvuka hata bahari. Roma waliyokuwa wakiingoja miaka yote hii ni mimi.