Moshi wa Amaro

Outeiro, 9 Januari 1988

Uxío mjukuu wangu,

Miaka mitatu! Huko Geneva wamekufunga kamba, au umeoa kimya kimya? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Wewe je, unakula? Anayeandika ni Sabela wa jirani, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Binamu yangu Amaro, mwenyekiti wa msitu wetu wa kijiji, amekata mikastanya yote ya mteremkoni, ile tuliyokuwa tukichoma njugu zake, akapanda mikaratusi ya kiwanda cha karatasi. Mvua ikashusha udongo hadi ufukweni. Kome wetu wamezikwa hai mchangani. Sasa anataka kukata na mikastanya ya kileleni. Ili tusimshinde kwa kura, nyumba yako ameifuta kwenye orodha ya wenye kura. "Nyumba isiyofuka moshi haina fungu msituni," anasema, "na Uxío yuko Uswisi." Alisema huku akicheka. Kicheko hicho atakitapika.

Bibi yako,
Erundina

Geneva, 30 Januari 1988

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima, ninakula, sijaoa. Nakuomba sana, achana na Amaro. Kanuni ya moshi ni ya mababu, na kweli mimi siko. Ukigombana naye utabaki peke yako huko.

Mjukuu wako,
Uxío

Outeiro, 20 Machi 1988

Uxío,

Goti limepona. Peke yangu, eti? Sikia.

Mkutanoni, Amaro alipotaka kura, nikasimama. "Amaro, hapa kijijini mara ya mwisho umepika lini?"

"Natumia gesi, dada Erundina."

"Gesi haifuki, baba. Unalala mjini, huku unakuja kutukemea tu."

Akatoka mbio kwenda kuwasha moto. Tukamfuata wote hadi uani kwake, kama tunakwenda harusini. Kumbe ndege wamejenga kiota ndani ya bomba la moshi! Moshi ukatokea mlangoni, naye nyuma yake anakohoa.

"Moshi si huu?"

"Huo unakufukuza!" Sabela akamjibu.

Tukapiga kura pale pale. Kwa kanuni yake mwenyewe, jina lake tumelifuta. Mikastanya ya kileleni haiguswi. Alilia, Uxío. Sikumwonea huruma hata chembe, kome hawajafufuka.

Ukija Novemba kuchoma kastanya, usije kwangu moja kwa moja. Pitia kwanza mjini kwa Amaro, vua kofia, umwalike kwa adabu. Mwambie Bibi anasema wageni tunawakaribisha sana.

Bibi yako,
Erundina