Neno la Chini ya Mikungu

Dada Rehema,

Mwaonaje hapo Mtwapa? Mimi ni mzima, ila moyo mzito.

Madam ametutoa Riyadh, tumekuja Jeddah kupumzika, yaani wao wapumzike. Jana jioni tulikwenda kwenye barabara yenye miti pande zote mbili, majani yamegeuka mekundu, watu wamejaa wanapiga picha. Nikatazama vizuri: ni mikungu tu, dada, kama ule wa nyuma ya choo chetu! Joto linanata mwilini, upepo hakuna, majani yanadondoka yenyewe.

Watoto na baba yao walijipanga chini ya mti. Madam akanigeukia, akaonyesha juu, akasema kwa furaha, "Karibu! Karibu!" Nilishtuka. Tangu nije nchi hii hakuna aliyeniambia neno hilo. Nikajipangusa uso, nikaenda kusimama pembeni ya watoto, nikatabasamu.

"La, la!" akasema madam, akanitilia simu mkononi. "Yalla, piga picha wewe."

Kumbe alisema kharif. Kwa Kiarabu chao ndiyo majira ya majani kupukutika. Dereva wetu, Mkenya mwenzetu, ndiye aliyenieleza, huku akijizuia kucheka.

Picha ilitoka nzuri. Wote wamo.

Mbusu mwanangu, mwambie mama yake hajambo. Na siku nikirudi, usinipikie chochote wala usiniulize nimeleta nini. Simama tu mlangoni uniambie lile neno.

Mdogo wako,
Mwanaisha