Neno Ulilomwambia Afisa Kuhusu Alwande

NU 6, Mdantsane,
Rasi ya Mashariki.
Jumapili, 11 Agosti 2019

Mpendwa kaka Mzimasi,

"Wanawake wa huko kwetu wanaazimana watoto kama wanavyoazimana sukari, mradi serikali ilipe." Maneno hayo ni yako, wewe wa ukoo wa Dlomo, kwa sauti yako mwenyewe, Jumatano jioni kwenye kikundi cha familia. Niliyarudia kuyasikiliza nikidhani simu yangu imekosea. Haikukosea. Nakujibu kwa barua kwa sababu ujumbe wa simu utauruka kwa kidole, na kwa sababu nataka wifi yangu Nomvume naye aisome.

Lakini hatukulelewa kugombana kabla ya salamu. Hamjambo huko Pretoria? Mgongo wako unaendeleaje? Na zile dawa za shinikizo la damu, unazimeza au unazificha kama marehemu baba? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuwa kali na mama anakohoa. Macho yake pia yamezidi kufifia. Chakula anakula. Jana nilimpikia mahindi ya kukoboa na maharage, akamaliza sahani, kisha akalalamika kwamba chumvi imepungua. Kwa hiyo ujue bado yupo nasi.

Alwande wa mdogo wetu Vuyelwa ana miaka mitatu sasa na anaongea kama mhubiri. Anashinda chekechea kwa MaMpinga, nyuma ya kanisa. Serikali humlipa MaMpinga ruzuku kwa kila mtoto anayetoka kwenye nyumba yenye kipato kidogo, na Vuyelwa, kwa mshahara wake wa kushona sare za shule kiwandani, huongezea kidogo anachoweza. Bila ruzuku hawezi kabisa.

Ruzuku hiyo imekatwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba mama wa mtoto ni mwalimu wa sekondari. Mwalimu huyo wa sekondari, kaka, ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulitoa hukumu kabla ya kuuliza. Zamu ya Vuyelwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi na chekechea inafunguliwa saa moja. Kwa hiyo Alwande hulala kwangu, na mimi ndiye ninayempeleka. Asubuhi moja mwezi wa sita tulimkuta getini afisa wa ustawi wa jamii, Bi. Matiwane, na kishikwambi chake mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wametumwa kuwasaka wadanganyifu wa ruzuku.

"Huyu ni wa nani?" akaniuliza.

"Wangu."

"Wako kabisa?"

"Dada, nimembeba mgongoni, makamasi yake yako begani mwangu. Unataka awe wa nani?"

MaMpinga alicheka. Bi. Matiwane naye alicheka, akabonyezabonyeza kioo chake, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamjibu kwa majivuno yangu yote ya ualimu.

Ulitaka nijibu vipi? Mtoto wa mdogo wangu ni wangu. Mimi ni mamkhulu wake, mama yake mkubwa. Kusema mbele ya watu na mbele yake kwamba si wangu ni kumtupa. Neno hilo husemwa juu ya mtoto aliyekataliwa na ukoo, na wewe, mkubwa wetu, ndiye uliyetufundisha hivyo siku ile tulipomleta Vuyelwa nyumbani na mtoto wake mchanga asiye na baba.

Utaniambia afisa hakuelewa. Ningekubali, kama simu yake isingelia palepale getini. "Ndiyo, mamkhulu, nitapitia mboga nikitoka kazini." Kisha akanigeukia na kunitabasamia. "Samahani. Mama yangu huyo, hana subira."

Alielewa, Mzimasi. Alielewa vizuri kabisa. Mtu anayemwita mama mkubwa wake mama, halafu akaandika kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege, huyo hakosei. Ametumwa kupunguza watoto, na ameona mahali rahisi pa kupunguzia ni midomoni mwetu. Nimesoma hotuba za wakubwa wenu huko serikalini unakofanya kazi kuhusu fedha za umma kulindwa. Sijaona hata moja inayosema zinalindwa dhidi ya nani. Sasa najua. Zinalindwa dhidi ya Alwande.

Jumanne iliyopita nilikwenda ofisini kwake. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na vichanga vyao kwenye mabenchi. Nilipofika mezani sikupunguza sauti.

"Mama, mimi najua kwamba si wa kumzaa," akasema. "Kompyuta ndiyo haijui."

"Basi iambie."

"Haina masikio, mama."

"Lakini mdomo wa kula ruzuku ya mtoto inao!"

Mabenchi yote yakacheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mwulize na yangu ilimezwa lini!" Bi. Matiwane akainama, akaniambia taratibu, "Usinigombeze mimi peke yangu. Tulimpigia mkuu wa familia atuthibitishie. Kaka yenu wa Pretoria. Naye alisema mtoto ni wako, Nozuko."

Niliketi bila kuambiwa niketi.

Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Huenda ulijibu kama nilivyojibu mimi, kwa fahari ya mjomba anayesema kwetu hakuna mtoto wa mtu mmoja. Ningependa sana kuamini hivyo. Lakini ulipigiwa simu tangu mwezi wa sita na hukumwambia yeyote. Halafu Jumatano Vuyelwa anaandika kwenye kikundi, anaeleza kwamba ruzuku imekatwa na hajui afanye nini, na wewe unamjibu kwa habari za sukari. Hukusema, "Niliulizwa, nikajibu hivi." Mtu asiye na la kuficha angesema. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu kwa hasira: siku ile uliongea kama mjomba wa Alwande, au kama mtu wa ofisi anayetaka wenzake wajue kwamba hata kwao hapendelei mtu?

Na kama ni habari za kuazimana watoto, tuanzie kwako. Pacha wako walilelewa miaka mitatu kwenye chekechea iliyo chini ya jengo la ofisi yenu, serikali ikilipa sehemu kubwa ya gharama. Sikumbuki ukiita hiyo ruzuku. Uliita marupurupu. Mwaka ule nilipowatembelea, nilikwenda kuwachukua mimi. Mlinzi akaniuliza, "Wako, mama?" Nikamjibu, "Wangu." Akanifungulia mlango na kunitakia jioni njema. Neno lilelile, mdomo uleule, watoto wa ukoo uleule. Kwenye jengo lenu ni adabu, kwa MaMpinga ni wizi. Nieleze tofauti, wewe msomi.

Ijumaa ilikuwa Siku ya Wanawake. Redio ilishinda ikitusifu sisi akina mama kwamba ndio tulioibeba nchi. Mama aliomba niizime, akasema inampa kikohozi.

Vuyelwa hasemi mengi. Wewe unamjua, akiumia hufua nguo. Wiki hii amefua hata mapazia. Msimamizi wake amekwishamwonya kwamba siku akikosa kufika kwa sababu ya mtoto, asirudi, kwa kuwa wanaotaka mashine yake wamejaa nje. Mama hawezi kumkimbiza mtoto wa miaka mitatu kwa macho yale. Mimi nina madarasa. MaMpinga, Mungu ambariki, amesema atamvumilia Alwande hadi Ijumaa hii ya tarehe kumi na sita. Zaidi ya hapo itabidi kiti chake apewe mtoto mwingine, na simlaumu, kwani naye ana walimu wa kuwalipa na sufuria za kujaza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamsimulia mtu.

Ofisi ilisema ili kurekebisha ni lazima nile kiapo polisi. Nilikwenda kesho yake, Jumatano. Nilikuwa na Alwande, maana nilimpitia chekechea na kituo kiko njiani. Konstebo alikuwa kijana mwenye heshima zake. Akaniambia, "Mama, sema tu kwa sauti, mtoto huyu si wangu, mimi nitaandika."

Nilisita. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Alwande akashika ukingo wa meza, akanyanyuka kwa vidole vya miguu mpaka macho yake yakamwona yule askari. "Mimi wake," akamwambia.

Konstebo aliweka kalamu chini. Akautazama muhuri wake kana kwamba ndio kwanza anauona. "Tuendelee, mama?" akaniuliza. Nikasema tuendelee. Nikalisema neno lile. Nje nilipochuchumaa nimbebe mgongoni, alikataa. Alitembea mbele yangu hadi nyumbani, na usiku huo aliomba kulala kwa bibi yake.

Nilipokipeleka ofisini Alhamisi, Bi. Matiwane alikipokea kiapo, akasema hakitoshi. Watu wawili walisema mtoto ni wa Nozuko, wote wawili lazima waseme si wake. Wa pili ni wewe.

Barua hii nampa binti wa MaMpinga, anasafiri kwa basi kesho na ataileta hadi mlangoni kwako. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa fulana ya ndani. Vuyelwa anakusalimu, ndiyo, hata baada ya ujumbe wako. Wabusu pacha wetu, Inganathi na Oyintando. Mungu aliyewahifadhi wazee wetu aihifadhi nyumba yako, na asimwache mtoto wenu yeyote akasimama kwenye mlango uliofungwa.

Sasa, Mzimasi, na wewe wifi Nomvume unayesoma juu ya bega lake. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu nanyi. Wachukueni pacha, mkasimame nao mbele ya meza. Kaka, tamka wazi kwamba Alwande kazaliwa na Vuyelwa na kwamba si mtoto wa Nozuko, halafu siku hiyohiyo utume kiapo kwa Bi. Matiwane, kimfikie kabla ya Ijumaa. Usiwaache wanao garini. Mimi nililisema neno hilo mwanangu akisikia. Nawe liseme wakisikia wako.

Dada yako, ambaye hasira haijamwondolea upendo,

Nozuko