Tochi ya Njano Kwenye Ukungu wa Kisarawe

Baba Neema wangu,

Sisi wazima, ila mvua ya huku haina adabu. Jana alfajiri tulikuwa Kisarawe kwa wakwe wa Neema, ng'ombe wao mwenye mimba akavunja zizi akapotea, majirani wakaja kusaidia kumtafuta. Ukungu ulikuwa mzito kama uji wa mzazi. Baba mkwe akatoka na tochi yake ya mwanga mweupe, kubwa kama chupa ya chai. Alipoiwasha tukaona weupe mtupu, kama tumefunikwa shuka.

Neema akawasha ya kwake, ya njano. Aibu ikanishika, nikamnong'oneza, "Mwanangu, una duka la tochi pale Kwa Mathias, halafu unakuja ukweni na betri zilizochoka? Si ungezianika juani!"

"Mama, betri ni mpya. Kwenye ukungu mwanga mweupe unakurudia machoni. Kwa huu wa njano unaona mbele."

Baba mkwe akacheka. "Huo si mwanga, mkwe, ni kibatari."

Basi kibatari hicho ndicho kilichomwona ng'ombe bondeni, chini ya mikorosho, anamlamba ndama jike mbichi kabisa! Mzee akazima tochi yake kimyakimya, akasema, "Mkwe, tangulia wewe." Nikakohoa kidogo, majirani wasikie vizuri.

Kula ushibe, mume wangu, na ujifunike usiku. Na wakikuuliza kanisani Neema anafanya nini, usiseme tena "vibiashara." Sema mtaalamu wa mwanga.

Mkeo akupendaye,
Mama Neema