Maji ya Sabuni Kwenye Breki

Gongo la Mboto, Jumanne

Ni mie niliyetia maji ya sabuni. Oili ya breki imeadimika, lori la kijiji lazima litembee, basi nikajifanya fundi.

Asubuhi breki zilishika, nikajisifu. Kwenye mteremko wa Pugu, nimebeba wapalizi nyuma, pedali ikazama hadi chini. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na mwendo wote hugeuka joto. Oili hulistahimili joto hilo. Maji huchemka yakawa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu, nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu. Haya nilifundishwa, mzee mzima, nikayapuuza.

Nilirudisha gia, nikalisugua lori kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Bi Zena, mkubwa wa wapalizi, akashuka akijipangusa vumbi. "Dereva, ungetuaga basi kabla ya kutupeleka ahera!" Wenzake wakacheka, wakanisifu kwa ushujaa. Nami nikacheka nao.

Jioni mwenyekiti wa kijiji akazijaribu breki. Zimepoa, zinashika tena. "Hongera, ndugu. Kesho uwapeleke, palizi haisubiri."

Nikajibu, "Sawa, ndugu mwenyekiti."

Sawa! Ulimi wangu nao hauna breki. Nikisema ukweli naachishwa udereva, na kazi nyingine siijui. Nikinyamaza, wale kina mama...

Nimetoka sasa hivi na spana, nimeyamwaga maji yote uwanjani. Kesho lori haliendi popote, na itanibidi niseme kwa nini.