Mshipa wa Nyumbani Kwangu

Jumamosi, Kibiti. Alasiri imeshapita. Mawingu yamejikusanya upande wa Mtawanya tangu asubuhi lakini mvua haishuki, joto tu limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.

Naogopa.

Nimeanza na hilo nisije nikajizungusha. Mlionizoea humu mnajua mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimepika wali pale stendi kwa masufuria ambayo wanaume wawili wanayabeba kwa kupokezana. Nimelima bonde na viboko wako ng'ambo wananitazama. Nimezaa watoto wanne, na wa kwanza wao, Somoe, anafundisha fizikia sekondari huko Dar es Salaam. Fizikia, si mchezo. Nitajie mama mwingine wa darasa la saba hapa Kibiti ambaye binti yake anafundisha fizikia. Ukimpata mlete, nitampikia pilau. Hata ukurasa huu ninaoandika ni yeye aliyenifungulia kwenye simu, akaniambia, "Mama, una maneno mengi, yaandike."

Leo maneno ni mengi kuliko siku zote.

Kesho alfajiri napanda basi kwenda Dar. Jumatatu asubuhi daktari atanichoma mshipa wa mguu kwa leza.

Ngoja niseme habari ya mguu, maana sijawahi kuisema popote.

Mimi nilikuwa na miguu. Sijisifu, au niseme najisifu lakini sidanganyi. Walikuwa wakiniita mguu wa bia, yaani uliojaa kama chupa yake, na bia yenyewe sijawahi hata kuinusa. Baba Somoe alikuwa kijana wa delta, wa kule Mbwera, alikuja Kibiti kununua misumari ya kutengenezea nyumba ya mama yake. Akaniona navuka barabara na ndoo kichwani. Misumari akaisahau dukani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinitania mpaka uzeeni kwamba nyumba yake ilivuja mwaka mzima kwa sababu ya miguu yangu.

Baada ya mtoto wa nne ndipo ilipoanza mistari ya bluu nyuma ya goti la kushoto. Sikuijali. Ikavimba, ikajikunja, ikapanda na kushuka, mpaka ukiutazama mguu wangu leo utadhani ni mizizi ya mkoko maji yakipwa. Jioni unakuwa mzito na unawaka moto kwa ndani. Nikaanza kuvaa soksi ndefu nyeusi na kanga mbili juu yake, kwenye joto hili la Kibiti. Watu wakanisifu kwa stara. Nami nikazipokea sifa.

Kisha kikaja kidonda, juu ya kifundo, upande wa ndani. Mwanzo kama punje ya choroko. Sasa kinaukaribia ukubwa wa korosho na hakitaki kufunga. Hapo ndipo nilipofunga mdomo kabisa, kwa sababu najua watu wetu. Mwanamke mwenye kidonda cha mguu kisichopona atasemwa ana matende, na asiyesema matende atasema amekanyagishwa dawa ya kichawi, na yupo atakayemtaja hadi aliyemkanyagisha. Mimi sitaki mguu wangu uwe hadithi ya foleni ya bomba. Anayejua ni Baba Somoe peke yake. Somoe naye alikuja kujua Idi iliyopita, aliponiona naosha miguu uani, akalia kama mtoto mdogo, kisha akafuta machozi akaanza kupiga simu.

Daktari aliyenipokea Dar ni kijana mpole, wa umri wa kuzaliwa na mimi. Alinipaka kitu cha baridi mguuni akapitisha kipimo, nami muda wote naangalia ukuta, kwa sababu mwanaume mwingine alikuwa hajawahi kuuona mguu huu. Akanieleza vizuri. Ndani ya mshipa kuna vijilango vinavyosaidia damu kupanda juu. Vyangu vimelegea, damu inarudi chini na kutuama mguuni. Mshipa usipofungwa, kidonda hakitafunga, kitatanuka. Kwa hiyo wataniwekea ganzi, wataingiza waya mwembamba ndani ya mshipa, ncha ya waya ina mwanga mkali, watauchoma mshipa kwa ndani kidogo kidogo huku wakiuvuta waya nje. Nitakuwa macho. Siku hiyo hiyo nitaondoka kwa miguu yangu na soksi ya kubana.

"Na mshipa wenyewe?" nikamuuliza.

"Unasinyaa, mama. Unakufa, mwili unaumaliza taratibu."

Alisema mengi mengine mazuri. Mimi nilitoka na hayo mawili. Kuchoma, na kufa.

Jamani, mimi ni mpishi. Kuchoma nakujua. Nimechoma samaki, nimechoma mihogo, nimechomwa na mafuta ya moto mpaka kiganja kikabadilika rangi. Najua kitu kikichomwa kinavyojikunja na najua harufu yake. Tangu siku ile kila nikimgeuza samaki jikoni naona mguu wangu. Na hilo la kuwa macho ndilo linalonimaliza. Nitalala pale nawasikiliza wananichoma, wananiuliza habari za Kibiti?

Na mshipa ukifa, damu itapita wapi? Ikikosa njia, mguu nao si utaufuata mshipa wake?

Nilimpigia Somoe. Akaniambia, "Mama, leza ni mwanga tu. Mwanga uliokusanywa mahali pamoja."

"Mwanga gani unaunguza?"

"Jua si mwanga? Na si linaunguza?"

Nikamwambia jua nalijua, lakini jua halijawahi kuingia ndani ya mguu wangu. Akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu wa fizikia huyo. Nikakata simu nikiwa nimecheka pia, na hofu iko pale pale.

Jumatano ndipo nilipofanya nililolifanya.

Nilitaka dua. Mtu anakwenda kuchomwa, asiombewe? Lakini nilitaka dua bila maswali. Tuna kundi letu la akina mama kwenye simu, la kuzikana na kuozeshana. Nikakaa nikafikiri namna ya kusema bila kusema, nikajiona mjanja sana, nikaandika: "Assalamu alaykum ndugu zangu. Nyumbani kwangu kuna mgonjwa, anakwenda Dar kuchomwa mshipa. Naomba dua zenu." Dua zikamiminika. Nikafurahi. Nikasema, umeona? Hakuna aliyeuliza ni nani.

Hakuna aliyeuliza kwa sababu wote walishajua, au walidhani wanajua.

Wewe unayesoma ukiwa mbali, nikueleze. Huku kwetu pwani, ukisema ndani ya nyumba fulani kuna mtu ana mshipa, hakuna anayefikiria mguu. Wanafikiria ule wa wanaume. Ngiri. Busha. Ule unaomfanya mtu mzima atembee amepanua miguu na vijana wacheke chinichini. Na nyumbani kwangu watoto wote wameshaondoka. Mwanaume aliyebaki ni mmoja.

Mimi hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mguu wangu tu.

Asubuhi ya leo nilikuwa nimeshaamua kutokwenda. Nilisema sasa hivi nampigia Somoe, namwambia nina homa, tusogeze mbele. Na mbele ingesogezwa tena, mpaka mtoto achoke. Begi nilikuwa nimeshalifungua, kanga nimezirudisha sandukuni. Ndipo akaingia jirani yangu Bi Hadija na bakuli la maboga ya nazi. Ni shoga yangu wa siku nyingi na mdomo wake hauna breki. Akakaa, akashusha pumzi.

"Pole mwenzangu. Kumbe na wa kwako naye kaupata mshipa mzee mzima?"

"Nani?"

"Usinifiche, shoga. Wa kwangu walipompasua walitoa maji ndoo, na leo anapanda mnazi. Ila wako kautunza vizuri, kwenye kanzu hauonekani."

Nikaliinamia bakuli. Bi Hadija akadhani naona haya, akaendelea kunifariji. Kasema wanaume wa barazani, pale wanapokunywa kahawa baada ya alasiri, wanamtania Baba Somoe tangu Alhamisi. Wamemwondolea kigoda chake wamemtandikia gunia la pumba, eti akae mahali laini. Mmoja kamuuliza kama mzigo utalipiwa nauli kwenye basi. Mwingine kamshauri achukue siti mbili.

"Naye anajibu nini?"

"Hajibu. Anacheka nao, anasema niombeeni dua. Mwanaume mstaarabu yule."

Alipoondoka nilikaa uani muda mrefu. Maboga yakapoa.

Ninamjua mume wangu. Ni mtu wa kunyoosha kanzu yake kwa pasi ya mkaa mwenyewe, kwa sababu haamini mkono wangu. Akipita barabarani hata bodaboda wanamwamkia. Huyo ndiye aliyekaa siku mbili juu ya gunia la pumba.

Aliporudi kutoka msikitini leo nilimngoja mlangoni. Nikamuuliza ni kweli wanayomwambia. Akavua kofia, akaitundika, akasema ni utani wa wanaume.

"Kwa nini hukuwaambia si wewe?"

"Ningesema si mimi, wangeuliza ni nani. Humu ndani tupo wangapi, Mama Somoe?"

Tupo wawili. Nimeishi na mwanaume huyu tangu nyumba ya mama yake inavuja, na bado ananishinda kwa swali moja.

Nikamwambia basi sikiliza, mimi siendi. Naogopa. Nikasema yote, samaki, harufu, kuwa macho, damu itakayokosa njia. Nililia, naandika kwa sababu ni kweli. Hakunicheka. Alikaa kwenye ngazi, akaniambia nivue soksi. Mchana kweupe, uani. Nikavua. Akauangalia mguu kama anavyoangalia mkorosho wenye ugonjwa, bila kukunja uso.

"Kwetu huko mto Rufiji unaingia baharini kwa midomo mingi," akasema. "Nikiwa mdogo tulikuwa tunapita mkondo mmoja na mtumbwi. Ukajaa mchanga, ukafa. Mimea imeota juu yake. Rufiji imekauka?"

"Haijakauka."

"Maji yalikwenda wapi?"

"Yalipita kwingine."

"Haya. Vaa soksi yako."

Somoe na fizikia yake yote hakuwahi kunielewesha hivyo. Asinisikie. Bado ninajivunia fizikia.

Nisijidanganye kwamba hofu imeisha. Ipo. Nikiwaza ule waya, vidole vya miguu vinajikunja vyenyewe ndani ya soksi. Kama kuna anayesoma hapa aliyewahi kufanyiwa, aniambie kama harufu inasikika. Au asiniambie.

Lakini begi nimelifunga tena. Nimewaza hivi: nikighairi, mume wangu atakuwa ameubeba mshipa usio wake bure. Amekaa kwenye pumba, amechekwa na watu aliowazidi umri, ili mimi nifike kwenye kile kitanda bila jina langu kutembezwa mtaani. Halafu mimi nibaki nyumbani na homa ya uongo na kidonda kinakua? Sura gani nitamtazama nayo?

Jambo moja limebaki. Yeye kaniambia niliache, maneno yatajifia yenyewe. Kasema, "Wewe kapone kwanza." Hapo sitamtii. Najua binti za Bi Hadija wanasoma ukurasa huu, na binti za wale wa barazani pia, maana nawapikia harusi zao na wananiandikia humu kunisifu. Wasomeeni baba zenu hapa.

Baba Somoe hana mshipa. Mzima kama alivyokuja kununua misumari. Mwenye mshipa ni mimi, mguu wa kushoto, tangu goti hadi kifundo, na kidonda ninacho. Sijakanyagishwa na mtu. Nimesimama sana jikoni na nimezaa, basi. Yule wa mguu wa bia ndiye huyo huyo.

Kesho basi likipita pale stendi nitakuwa nimekaa dirishani, yeye pembeni yangu, kwenye siti moja inayomtosha. Naogopa tangu sasa, na nadhani nitaogopa mpaka waya utoke. Kitandani nitafumba macho niufuate mto mpaka nipate mdomo ambao haujazibwa.

Enyi wa barazani, tukirudi nataka nikikute kigoda cha mume wangu mahali pake. Gunia la pumba nitakuja kulichukua mwenyewe. Kwa miguu.